Bibi Eustis na Mbwa wa Vipofu

Leo nataka kuwasimulia maisha ya bibi mmoja wa Marekani, ambaye amekwisha kufa zamani lakini kazi yake haijafa. Kwanza yanipasa nieleze jinsi nilivyopata habari zake, maana nisingalimjua kama si babu yangu na mtoto wa mbwa.

Kwetu ni Nyarusange, upande wa Gitega katika nchi ya Burundi, mahali pa vilima na migomba. Babu yangu ni kipofu. Tangu nilipokuwa na miaka sita nilikuwa nikishika ncha moja ya fimbo, naye akishika ncha ya pili, tukaenda pamoja sokoni na kwa jamaa. Nilipopata nafasi katika shule ya bweni, fimbo ile akapewa mdogo wangu wa kike, na kila siku ya soko hakwenda shule.

Katika likizo kubwa, jirani mmoja alisafiri, akaniomba nimtunzie mtoto wa mbwa aliyekusudiwa kufundishwa kuwinda. Nilimlisha ugali na mabaki ya maharage, nikamzoeza kuitika jina lake, kutowarukia watu na kutofukuza kuku. Mwezi wa Septemba mwenyewe akaja kumchukua. Nililia, ingawa nilijua tangu siku ya kwanza kwamba mbwa si wangu.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu habari hiyo. Akaniambia kwamba ziko nchi ambako vijana wa rika langu hulea watoto wa mbwa, kisha huwatoa ili wawe viongozi wa vipofu. Akanipa kisa cha Bibi Dorothy Eustis nikisome.

Bibi huyo alizaliwa mwaka wa 1886 katika mji wa Philadelphia. Baba yake alikuwa tajiri wa kiwanda cha sukari, na baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Dorothy aliolewa na Bwana Walter Wood, wakakaa shambani katika jimbo la New York. Hapo walikuwa na mbwa wa Kijerumani jina lake Hans, mwenye akili nyingi mno. Mume wake akafa mwaka wa 1915, akamwachia watoto wawili. Lakini yule Hans hakumtoka moyoni, akawa akijiuliza kama mbwa wa namna ile wangeweza kuzalishwa na kufundishwa kazi za kuwasaidia watu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza akahamia Uswisi, akaolewa tena na Bwana George Eustis, akaanzisha shamba la mbwa juu ya mlima karibu na Vevey. Mbwa wake walipelekwa kufanya kazi kwa polisi na askari wa jeshi. Siku moja akaenda Ujerumani katika mji wa Potsdam. Wajerumani walikuwa wamefungua shule ya kwanza ya mbwa viongozi mwaka wa 1916 huko Oldenburg, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Bibi Eustis alipoona kipofu akitembea njiani upesi bila woga, mkono wake juu ya mbwa, alistaajabu sana. Akaandika habari hiyo katika gazeti la Marekani mwezi wa Novemba 1927.

Katika mji wa Nashville kulikuwa na kijana kipofu, Morris Frank, mwenye miaka kumi na tisa. Jicho moja alilipoteza kwa ajali ya farasi alipokuwa mtoto, na la pili katika mchezo wa ngumi. Baba yake alimsomea gazeti lile. Mara kijana akamwandikia Bibi Eustis, akimwomba amsaidie kupata mbwa, naye akaahidi kuwafundisha vipofu wenzake. Mwaka wa 1928 akavuka bahari mpaka Uswisi, akafundishwa pamoja na mbwa jike aliyemwita Buddy. Waliporudi New York, walivuka mbele ya waandishi wa magazeti njia pana iliyojaa magari. Wakafika ng'ambo salama. Frank akampelekea bibi simu ya neno moja tu, kumwarifu kwamba mambo yamefaulu.

Mwezi wa Januari 1929 wakaanzisha shule huko Nashville, ikaitwa The Seeing Eye, maana yake Jicho Lionalo. Mwaka wa 1931 ikahamia jimbo la New Jersey. Bibi Eustis alitoa mali yake nyingi, akaiongoza mpaka mwaka wa 1940. Hakupenda kipofu atendewe kama mwombaji. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1934 mwanafunzi wa shule hiyo alilipa dola 150 kwa mbwa wake wa kwanza, ijapokuwa gharama yenyewe ilizidi hiyo mara nyingi; apate kusema kwamba mbwa ni wake.

Mwaka wa 1942 shule ikaanza kuwapa watoto wa mbwa vijana wa chama cha mashambani kiitwacho 4-H, wawalee majumbani mwao na kuwazoeza watu, kelele na magari. Mbwa akikua hurudishwa shuleni, na kijana hubaki na kamba mkononi. Nilipofika hapo nilijua machozi yao, maana nami niliyalia. Bibi Eustis akafa New York mwaka wa 1946.

Lakini jambo lililonigusa kuliko yote ni hili. Mbwa kiongozi hajui waendako. Anayejua njia ni kipofu mwenyewe. Mbwa humwepusha na shimo, mti na gari tu, hata akiamriwa kwenda mbele penye hatari hukataa. Hapo nikaona kosa letu. Babu anajua kila njia ya Nyarusange tangu ujana wake, nasi miaka yote tulikuwa tukimvuta kwa fimbo kama mzigo.

Kwetu hakuna mbwa wa namna hiyo, na mafunzo yake yana gharama kubwa. Basi likizo iliyofuata nilimkatia babu fimbo ndefu nyepesi, nikamwomba atangulie, mimi nyuma. Siku ya kwanza alijikwaa mara mbili, akakasirika na kunirudishia fimbo. Siku ya pili aliitaka mwenyewe. Kabla likizo haijaisha alikwenda sokoni na kurudi, mimi nikimfuata kimya. Penye barabara ya magari tu humngoja mtu wa kuvuka naye, na wapita njia hawakosi.

Sasa mdogo wangu yumo darasani hata siku ya soko. Naye babu, ukimkuta njiani, usimshike mkono kabla ya kumsalimu na kumwuliza aendako.