Ngala na Fedha za Mayatima wa Kwale

Nilipokuwa nikifundisha hapa Ukunda, palikuwa na mwanafunzi yatima aliyelelewa na nyanya yake katika chumba cha kupanga, karibu na njia iendayo Diani. Ajuza huyo hakuwamo katika orodha ya wanaopewa fedha za mayatima. Alikuwa amehamia hapa kutoka wilaya nyingine, na waliokaa kuwaorodhesha maskini wa kijiji hawakumjua. Kila mtoto yule alipokosa sare, nilimkumbuka marehemu Ronald Gideon Ngala.

Huenda msomaji akastaajabu. Vijana wetu wengi humjua Ngala kwa barabara ya Nairobi yenye jina lake, wanakopandia matatu. Lakini kabla ya siasa alikuwa mwalimu kama sisi. Alizaliwa mwaka 1923 katika jamii ya Wagiriama, akasoma Alliance na Makerere, akarejea Pwani kushika chaki. Alikuwa mwalimu mkuu Mbale, huko Taita, kisha Buxton mjini Mombasa. Mwaka 1957 akawa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura.

Mwaka 1960 alikabidhiwa wizara ya kazi, hifadhi ya jamii na elimu ya watu wazima. Mwaka uo huo akawa rais wa KADU, chama cha makabila madogo yaliyohofia kumezwa na makubwa, na mwaka 1961 akaongoza shughuli za serikali KANU ilipokataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini. Aliyoyapigania zaidi yalikuwa majimbo, yaani maamuzi yafanywe karibu na wananchi. Aliyapata katika katiba ya 1963, lakini hayakudumu. Novemba 1964 alikivunja chama chake na kujiunga na KANU. Baadaye akawa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Mara mbili, basi, mambo ya wanyonge yaliwekwa mezani pake, ingawa enzi hizo yatima alikuwa mzigo wa ukoo wake, si wa hazina ya serikali.

Alifariki Desemba 25, 1972, baada ya ajali ya gari huko Konza.

Miaka 32 baadaye, mwaka 2004, serikali ilipotaka kujaribu kuzipa familia maskini zinazolea mayatima fedha taslimu, Kwale ilikuwa mojawapo ya wilaya 3 za kwanza, pamoja na Garissa na Nairobi. Ilianza na familia 500 tu, kila moja shilingi 500 kwa mwezi. Kiasi hicho kilipandishwa hadi shilingi 1,500, kisha 2,000. Fedha zilitoka Nairobi, lakini kazi ya kumtambua maskini ilishirikisha kamati za wenyeji. Naam, hapo naiona fikira ya Ngala ikitenda kazi, kwa kuwa jirani ndiye ajuaye nyumba isiyokoka moto.

Hata hivyo, jirani huyo huyo ndiye awezaye kumwita mwenziwe mgeni. Sisi wa Ukunda hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Agosti 1997 watu wa bara walifukuzwa na wengine kuuawa hapa kusini mwa Pwani, na neno majimbo lilikuwa vinywani mwa wengi. Sisemi kwamba Ngala ndiye aliyeyataka hayo; alikuwa kaburini miaka 24. Nasema tu kwamba fikira yake haikulijibu swali la mpangaji, na mji wetu, kwa sababu ya hoteli za Diani, umejaa wapangaji.

Walimu wenzangu, daftari la mahudhurio haliulizi nyanya alitoka wapi. Linaonyesha siku alizokosa mtoto, na mwalimu wa darasa anaijua sababu. Orodha ya wahitaji itakapopitiwa tena, mwalimu mmoja wa kila shule na akae katika kamati hiyo, na aende na daftari lake.