Origenes wa Iskanderia, Mwalimu Aliyegombaniwa

Walimu wakutanapo kujifunza, swali hili huja mara nyingi: Maneno ya mtume Paulo katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, mlango wa 3, juu ya sifa zimpasazo mwangalizi wa Kanisa, je! yashikwe neno kwa neno, au yatafutiwe maana yake? Swali hilo si jipya. Basi mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za mtu mmoja wa Afrika, aliyekufa zamani sana, ambaye jambo hili lilimpata katika mwili wake mwenyewe. Jina lake Origenes.

Alizaliwa mjini Iskanderia, katika nchi ya Misri, yapata mwaka 185. Baba yake, Leonides, alikuwa Mkristo. Alimfundisha mwanawe elimu yote ya Wayunani, lakini kila siku, kabla ya masomo hayo, alimtaka asome Maandiko na kuyashika kwa moyo. Mtoto hakutosheka na kusoma tu. Alimwuliza baba yake maswali hata akamchosha, na baba akamkemea usoni, lakini kwa siri akamshukuru Mungu.

Mwaka 202, zamani za Kaisari Septimius Severus, Wakristo wa Misri waliteswa, na Leonides akatiwa gerezani. Origenes hajatimiza miaka 17, lakini alitaka kutoka aende kujitoa mwenyewe, afe pamoja na baba yake. Mama yake alimsihi, asisikie. Mwisho mama akazificha nguo zake zote, na kijana akalazimika kukaa nyumbani. Ndipo akamwandikia baba barua, kumwonya asigeuze nia kwa ajili ya mke na watoto. Leonides akakatwa kichwa, mali yake ikatwaliwa kuwa ya hazina ya Kaisari, na mjane akabaki na wana saba, ambao Origenes ndiye mkubwa wao. Jina la mama yule halikuandikwa. Twasikitika, kwa maana kama si werevu wake tusingalikuwa na habari za kuandika leo.

Kijana akajitafutia riziki kwa kufundisha lugha ya Kiyunani. Walimu wa Kanisa walikuwa wamekimbia mateso, hata hapakuwa na mtu wa kuwafundisha waliotaka kubatizwa. Wakamwendea Origenes, naye alipokuwa na umri wa miaka 18, Askofu Demetrius akamweka awe mwalimu wao. Wanafunzi wake kadhaa waliuawa kwa ajili ya imani, naye alikwenda nao mpaka mahali pa hukumu, akiwasalimu waziwazi, hata mara nyingi makafiri walikaribia kumpiga kwa mawe.

Siku zile alizishika amri za Bwana kama zilivyoandikwa. Bwana aliwakataza wanafunzi wasiwe na kanzu mbili wala viatu. Basi Origenes alikwenda miguu mitupu miaka mingi. Bwana alikataza kusumbukia ya kesho; basi akaviuza vitabu vyake vya elimu ya dunia kwa mtu aliyemlipa oboli nne kila siku, senti chache tu, akaishi kwa hizo. Alilala chini, akafunga, akajinyima divai. Watu walimstaajabia, na sisi pia twamstaajabia.

Lakini kulikuwa na neno jingine, Mathayo 19:12, Bwana anaponena habari za watu waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Eusebius, askofu wa Kaisaria, aliyeandika historia ya Kanisa karibu miaka mia baadaye, aeleza kwamba kijana huyu alilishika neno hili kwa mwili, akajihasi. Tena alikuwa na sababu ya pili: wanafunzi wake walikuwa wanaume na wanawake, naye aliogopa masingizio ya watu wasioamini. Wako wataalamu wanaolitilia shaka jambo hili, wakisema huenda lilizushwa na adui zake. Lakini Eusebius alikuwa mwenye kumpenda Origenes sana na kumtetea katika mengi, nasi hatuoni kwa nini angalitaka kuandika habari ya kumwaibisha kama asingaliona kuwa ni kweli. Aliyafanya kwa siri. Hata hivyo Demetrius alipata kujua. Hakumfukuza. Alimtia moyo aendelee kufundisha.

Sifa zake zikaenea. Yapata mwaka 215 kulikuwa na machafuko mabaya mjini Iskanderia, akaenda Palestina. Huko Alexander askofu wa Yerusalemu, na Theoctistus askofu wa Kaisaria, wakamwomba ayafafanue Maandiko kanisani mbele ya watu wote, ingawa alikuwa mwalimu tu, hajawekewa mikono. Demetrius alikasirika, akaandika kwamba haijasikiwa mtu asiye mchungaji kuhubiri mbele ya maaskofu. Wale wawili wakamjibu kwa kutaja majina ya walimu waliofanya vivyo hivyo katika nchi nyingine. Hata hivyo Demetrius akamwita, na Origenes akatii, akarudi kazini pake.

Yapata mwaka 230 alitumwa Uyunani kwa shughuli za Kanisa. Alipopita Kaisaria, maaskofu wale wawili wakamwekea mikono awe mzee wa Kanisa, ndiyo kazi tuiitayo sisi uchungaji. Demetrius alipopata habari, hasira yake haikuwa na kiasi. Mtu wa usharika wake amebarikiwa na maaskofu wa nchi nyingine pasipo ruhusa yake! Na sasa ile siri ya ujana akaitangaza kwa makanisa yote, kwamba mtu wa namna hii hawezi kuwa mchungaji. Akakusanya baraza, nalo likamfukuza Origenes mjini. Kisha maaskofu wa Misri wakamvua uchungaji. Rumi wakakubali hukumu hiyo, lakini makanisa ya Palestina, Foinike, Arabuni na Akaya yakaikataa.

Tuamueje sisi? Demetrius alikuwa na neno la kusimamia. Torati, katika Mambo ya Walawi 21, ilimkataza mwenye kilema cha namna hiyo asiihudumu madhabahu. Na mwaka 325 mtaguso wa Nikea, katika kanuni yake ya kwanza kabisa, uliamuru kwamba aliyehasiwa na tabibu kwa ugonjwa, au na washenzi, au na bwana wake, asizuiwe kazi ya Kanisa; lakini mwenye afya aliyejihasi mwenyewe asiwekwe, na akiwa amekwisha kuwekwa, aache. Wale maaskofu walipambanua vema: hawakutazama mwili tu, walitazama mapenzi ya mtu. (Tena suala lao lilikuwa uchungaji tu. Towashi wa Kushi, katika Matendo 8, alibatizwa na Filipo bila kizuizi.) Lakini Demetrius alikaa na jambo hilo miaka mingi bila kulisema, akamtumia mwalimu yule kila siku, alilikumbuka alipoona heshima yake imeguswa. Paulo ataka mwangalizi asiwe mgomvi. Neno hili nalo limo katika mlango ule ule.

Origenes akahamia Kaisaria, akafanya kazi huko miaka yake iliyobaki, akihubiri mara nyingi sana. Katika mahubiri yake juu ya Walawi alifundisha kwamba mchungaji awekwe mbele ya watu wote, ili wajue ya kuwa amechaguliwa aliye bora kwa elimu na utakatifu. Katika Hesabu alionyesha kwamba Musa alikuwa na wana, lakini aliyemwachia kazi ni Yoshua, akawakemea maaskofu walioachia jamaa zao kazi ya Kanisa kama urithi wa shamba.

Juu ya yale maneno ya mume wa mke mmoja, alishangaa waziwazi. Huyu alifiwa na wake wawili angali kijana, akaishi kwa usafi mpaka uzee, naye hukataliwa. Yule ana mke mmoja tu, lakini hajajizoeza kujizuia, naye hupokewa. Hata hivyo hakuivunja desturi ya Kanisa; alitafuta tu ndani yake mfano wa jambo la rohoni. Na alipolifikia Mathayo 19:12, mzee wa miaka 60 na zaidi, aliandika kwa maneno marefu kwamba neno lile halihusu mwili, na wanaolishika kwa mwili wamekosa. Habari zake mwenyewe hakuzitaja wazi. Sisi hatuwezi kuzisoma kurasa zile bila kumwonea huruma.

Ni kweli aliyekimbia shimo moja alikaribia jingine. Aliona mafumbo kila mahali, hata katika idadi ya mashimo ya visima na majina ya vituo vya jangwani. Na Martin Luther alimlaumu vikali kwa hayo, akitaka maana iliyo wazi itangulie. Tena baadhi ya mafundisho yaliyopewa jina lake yalihukumiwa mwaka 553. Lakini ni yeye aliyepanga Agano la Kale katika safu sita, la Kiebrania na tafsiri za Kiyunani kando kwa kando, kazi ya miaka mingi, ili ajue hasa ni neno gani lililoandikwa. Mtu anayedharau herufi hafanyi kazi ya namna hiyo.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliwalazimisha watu wote kutoa sadaka kwa miungu. Origenes akakamatwa, mzee wa miaka 65. Wakamtia pete ya chuma shingoni, wakaifunga miguu yake katika mkatale na kuitanua hata tundu la nne, siku nyingi, wakamtishia moto. Hawakutaka afe, walitaka akane. Hakukana. Decius akafa mwaka 251, na mzee akafunguliwa, mwili umeharibika. Akaandika tena barua nyingi za kuwafariji wenye kuteswa, kisha akafa mjini Tiro, umri wake miaka 69.