Oscar Kjellberg na Ufito wa Kuchomelea

Bila shaka umewahi kumwona fundi akichomelea dirisha, kitanda au lango la chuma. Mkononi hushika kishikio chenye waya wa umeme. Katika kishikio hicho hubanwa ufito wa chuma uliopakwa kitu kama udongo mkavu. Ufito huo huitwa elektrodi. Sasa tutasoma habari za Oscar Kjellberg, anayetambuliwa kuwa mvumbuzi wa elektrodi ya namna hiyo.

Kjellberg alizaliwa mwaka 1870 katika nchi ya Uswidi, iliyoko kaskazini ya Ulaya. Alijifunza uhandisi, kisha akafanya kazi katika meli za mvuke. Mvuke wa kuendeshea meli hizo ulitoka katika boila, yaani tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji. Mabamba ya boila yaliunganishwa kwa ribiti. Boila ilipopata joto na kupoa mara nyingi, ribiti zililegea na mvuke ukavuja. Mafundi walizigonga kwa nyundo, lakini hazikukawia kuvuja tena. Jambo hilo lilikuwa la hatari, kwani mvuke ulioshindiliwa huweza kuipasua boila na kuwaunguza watu.

Wakati huo kuchomelea kwa umeme kulikuwa kumekwisha anza. Katika miaka ya 1880 wavumbuzi wawili wa Urusi, Bernardos na Slavyanov, walikuwa wameonyesha kwamba umeme unaoruka kati ya ufito na bamba hufanya tao lenye mwanga mkali. Joto la tao hilo hupita nyuzi 3,000 za sentigredi, na chuma huyeyuka kwa nyuzi zipatazo 1,500 tu. Lakini ufito mtupu ulikuwa na kasoro. Tao lilizimika mara kwa mara. Tena kiungo kilionekana kizima kwa macho, kumbe ndani kilikuwa na matundu, na kilivunjika kwa urahisi.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Chuma kilichoyeyuka hupokea oksijeni na naitrojeni kutoka katika hewa. Gesi hizo hukidhoofisha kinapoganda.

Kjellberg hakukata tamaa. Mwaka 1904 alianzisha kampuni ya uchomeleaji katika mji wa bandari wa Göteborg, ili kutengeneza meli na boila. Huko alikutana na taabu nyingine. Meli haiwezi kupinduliwa kama sufuria. Fundi alilazimika kuchomelea mahali palipo juu ya kichwa chake, na matone ya chuma cha moto yakaanguka chini badala ya kushika. Kjellberg alichovya nyaya za chuma katika uji mzito wa madini, kama vile kaboneti na silikati, akaziacha zikauke. Mwaka 1907 aliomba hataza ya uvumbuzi wake.

Mpako wa elektrodi hufanya kazi tatu. Kwanza, unapoungua hutoa gesi inayoifukuza hewa. Pili, hulifanya tao litulie. Tatu, huyeyuka na kukifunika kiungo kwa ganda, ili kisiguswe na hewa kinapopoa. Baada ya Kjellberg, mafundi na wanasayansi wa nchi nyingi waliendelea kuuboresha mpako huo.

Kjellberg alifariki mwaka 1931. Hata hivyo, kila anayeanza kujifunza kuchomelea hufuata njia aliyoifungua. Mwanafunzi huanza kwa kuchora mistari juu ya kipande cha bamba kisicho na kazi. Akiigusisha elektrodi kwa muda mrefu, hunata. Akiiinua mno, tao huzimika. Hujizoeza mpaka mkono wake uweze kushika nafasi ndogo isiyobadilika. Kisha huligonga ganda kwa nyundo, husugua kwa brashi ya waya, na kukikagua kiungo. Huzihifadhi elektrodi zake mahali pakavu, kwa sababu mpako wenye unyevu huharibu kazi.

Mafundi wengi walikiona kiungo kibovu wakakizoea. Kjellberg alitafuta chanzo cha ubovu, akajaribu, akashinda. Hivyo ndivyo sayansi inavyosonga mbele.

Angalia: Usilitazame tao la umeme kwa macho matupu, hata kwa mbali. Mwanga wake huunguza macho. Fundi hujikinga kwa barakoa yenye kioo cheusi.

Maswali
1. Kwa nini ribiti za boila zilivuja?
2. Gesi zipi za hewa hudhoofisha chuma kilichoyeyuka?
3. Taja kazi tatu za mpako wa elektrodi.
4. Kwa nini fundi huzihifadhi elektrodi mahali pakavu?
5. Tafuta kitu kilichochomelewa shuleni au nyumbani. Kikague kiungo chake, kisha waeleze wenzako ulichokiona.