Nadhiri ya Alister Hardy

Mwaka 1914 kijana wa miaka 18 kutoka Nottingham, Uingereza, aliweka nadhiri. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza, na vijana wa rika lake walikuwa wakienda kufa kwa maelfu. Alister Hardy alimwahidi Mungu kwamba akitoka salama, atayatumia maisha yake kuonyesha kuwa elimu ya viumbe na imani si maadui.

Wengi wetu tumewahi kumwahidi Mungu jambo tukiwa wodini au kwenye madeni. Swali ni nini hufuata shida ikishapita.

Hardy alitoka vitani akiwa hai, akarudi Oxford kusoma elimu ya wanyama. Mwaka 1925 alipanda meli ya Discovery kwenda bahari ya kusini, karibu na Antaktika, kuchunguza nyangumi na chakula chao. Huko alizama katika kuchunguza planktoni, yaani mimea na wanyama wadogo sana wanaoelea baharini, wengi wao wasioonekana bila hadubini. Planktoni ndiyo chanzo cha chakula cha samaki, na mimea hiyo midogo hutoa takriban nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani.

Lakini aliona tatizo. Wavu ukiteremshwa mahali pamoja ulipanda umejaa. Maili chache mbele ulitoka karibu mtupu. Basi akabuni chombo cha kukokotwa nyuma ya meli. Maji huingia kwa tundu dogo na kuchujwa na kitambaa cha hariri, nacho kitambaa hujiviringisha polepole kadiri meli inavyosonga. Mwisho wa safari, kila kipande cha kitambaa huonyesha ni viumbe gani walikuwa sehemu gani ya bahari.

Mwaka 1931, akiwa profesa huko Hull, alianza kukitumia chombo hicho mara kwa mara katika Bahari ya Kaskazini. Aliomba meli za kawaida za biashara, zinazopita njia zilezile mwezi baada ya mwezi, zikikokote. Mabaharia wasio wanasayansi walikishusha majini na kukipandisha. Nchi kavu, watu waliinamia hadubini wakihesabu. Hardy alitaka kuwasaidia wavuvi wa heringi wajue samaki watapatikana wapi. Vita ya pili ikaisimamisha kazi hiyo. Ilipokwisha, wakaianza tena.

Sasa ona matunda yake. Kwa kuwa hesabu ziliendelea kwa njia ileile miaka mingi, waliokuja baadaye waliona jambo ambalo hesabu ya mwaka mmoja isingeonyesha. Kati ya 1960 na 1999, viumbe wadogo wa maji ya uvuguvugu katika Atlantiki ya kaskazini mashariki walisogea kuelekea kaskazini zaidi ya kilometa 1,000, kadiri bahari ilivyopata joto. Tena vitambaa vya zamani vilivyohifadhiwa vilipochunguzwa upya, vilikutwa na chembe za plastiki, zikiongezeka tangu miaka ya 1960. Hardy hakuwa akitafuta plastiki. Ushahidi ulipatikana kwa sababu kuna watu waliotunza vitambaa bila kujua vitakuja kuulizwa nini.

Na ile nadhiri? Hardy alikuwa profesa wa Oxford, na mwaka 1957 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Angeweza kustaafu na kupumzika. Lakini mwaka 1969, akiwa na miaka 73, alianzisha huko Oxford kituo cha kuchunguza mambo ya kiroho yanayowapata watu. Alitumia njia ileile ya baharini. Kupitia magazeti aliwaomba watu wa kawaida waandike jinsi walivyowahi kuguswa na nguvu iliyo kuu kuliko wao. Barua zilikuja kwa maelfu, naye akazipanga kwa subira kabla ya kutoa hukumu. Hardy alikuwa Muunitari, na si yote aliyoamini yangekubalika katika makanisa yetu. Hata hivyo, alichoahidi mwaka 1914 hakukisahau. Alifariki Mei 1985, mwaka uleule aliotunukiwa Tuzo ya Templeton.

Ndugu yangu, Mhubiri katika sura ya 5 anatuonya tusichelewe kuondoa nadhiri zetu. Naye Bwana Yesu, katika Luka 16, anaufunga uaminifu wa mambo makubwa kwenye uaminifu wa mambo madogo. Huenda wewe ni katibu unayeandika kumbukumbu za jumuiya ambazo hakuna anayezisoma, au mwalimu wa watoto unayefundisha kila Jumapili bila kuona badiliko. Huenda ni mama unayemwombea mwana yuleyule mwaka wa kumi sasa. Usihukumu kazi yako kwa mavuno ya mwaka huu.

Chombo cha Hardy kinaendelea kukokotwa baharini hadi leo, miongo mingi baada ya yeye kulala. Kikumbuke wiki hii kile ulichomwahidi Mungu siku ya shida. Chukua sehemu yake ndogo unayoiweza, uifanye kesho, na keshokutwa uirudie.