Emil Vodder na mkono wa shangazi

Shangazi yangu huvusha vitenge na mchele pale Kobero na Kabanga. Mwaka juzi alikatwa titi kwa sababu ya saratani, na madaktari wakaondoa pia tezi za kwapani. Kidonda kilipona vizuri. Miezi michache baadaye mkono wa upande ule ukaanza kujaa, bangili zikagoma kuingia. Jirani mwenye huruma akamkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa nguvu zote. Mkono ukazidi kuvimba. Aliyemsaidia hatimaye ni mtaalamu wa viungo ambaye aliipapasa ngozi polepole mno, hata shangazi akadhani anataniwa. Ndipo nikatafuta habari za mtu aliyeanzisha uchuaji huo.

Anaitwa Emil Vodder, aliyezaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1896. Alianza kusomea udaktari, lakini malaria, naam, hii hii tunayoijua sisi, ikamkatiza masomo. Akageukia falsafa na kupata shahada ya juu mjini Brussels mwaka 1928. Kwa hiyo hakuwa tabibu mwenye cheti, na jambo hilo lilimwandama miaka mingi.

Mwaka 1932 yeye na mkewe Estrid walikuwa wakifanya kazi ya kuchua watu huko Cannes, mji wa pwani ya kusini ya Ufaransa. Wengi wa wateja wao walikuwa Waingereza waliokimbia baridi ya kwao, watu wa mafua yasiyokwisha na matezi ya shingoni. Madaktari wa wakati ule walionya kwamba tezi zilizovimba zisiguswe. Vodder alizigusa, tena kwa wepesi, na akaona wagonjwa wanapata nafuu.

Ndugu msomaji, hapa tueleweshane. Mwilini mna majimaji yaitwayo limfu. Hutoka katika mishipa midogo ya damu, hulowesha nyama, kisha hukusanywa na vijishipa vyembamba, hupita kwenye tezi, na kurudi katika damu karibu na mitulinga. Hayana pampu kama moyo. Husukumwa na vijishipa vyenyewe na kwa mwendo wa misuli. Vijishipa vingi viko chini tu ya ngozi, ndiyo maana kukandamiza kwa nguvu hakusaidii na kunaweza kuviumiza. Vodder alivuta ngozi kwa miduara midogo, karibu bila mafuta, akianzia shingoni ili njia ya mbele iwe wazi kabla ya kusukuma ya nyuma. Tezi za kwapa zikiondolewa, barabara imefungwa. Mchuaji huyaelekeza maji kwenye kwapa la pili au kinenani. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji maelezo zaidi kuhusu njia za kuzunguka.

Mwaka 1936 Vodder alitangaza ufundi wake mjini Paris. Vita ilipokaribia, akarudi Copenhagen na mkewe. Wataalamu wa urembo walimpokea, madaktari hawakumjali. Sisi tuliorudi na vyeti vya ng'ambo, tukazungushwa dirisha hadi dirisha tukiulizwa ni vya nani, twaweza kukisia alivyojisikia. Tofauti ni kwamba yeye hata cheti chenyewe cha udaktari hakuwa nacho.

Ni katika miaka ya 1960 ambapo daktari Mjerumani, Johannes Asdonk, aliujaribu uchuaji huo kwa wagonjwa wengi na kuupa heshima hospitalini. Baadaye Michael Földi, Mhungari aliyehamia Ujerumani, aliuunganisha na bandeji za kubana, mazoezi na utunzaji wa ngozi. Nionavyo mimi, bila hao wawili Vodder angebaki mtu wa mafua na urembo. Uchunguzi wa baadaye unaonyesha kwamba kwa mkono uliovimba bandeji ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, na uchuaji huongezea kidogo, hasa uvimbe ukiwa bado mdogo. Shule yenye jina lake ipo Walchsee, Austria. Alifariki mwaka 1986.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na kuna homa, usichuliwe kabisa. Hiyo ni dalili ya maambukizi, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mkono au mguu ukivimba ghafla na kuuma, aonwe pia na daktari kwanza, maana huenda damu imeganda.

Shangazi sasa hujichua shingo na kifua kila alfajiri kabla ya kufunga bandeji. Jirani yule huja kutazama. Juzi aliomba afundishwe, akaambiwa apunguze nguvu, akapunguza, akaambiwa apunguze tena.