Pete Maravich: Nyota wa kikapu aliyezaliwa na moyo wa ateri moja

Januari 5, 1988, katika ukumbi wa michezo wa kanisa mjini Pasadena, California, Pete Maravich alianguka ghafla alipokuwa akicheza mpira wa kikapu. Hakuinuka tena. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Uchunguzi wa maiti ulifichua siri aliyoishi nayo bila kuijua: alizaliwa bila ateri ya kushoto ya korona. Kwa kawaida misuli ya moyo hulishwa na ateri mbili zinazochipuka kwenye mzizi wa mshipa mkuu wa damu, na ile ya kushoto hubeba sehemu kubwa ya kazi. Maravich alikuwa na ya kulia peke yake, nayo ilikuwa imetanuka mno ili kuziba pengo hilo.

Na kazi iliyofanywa na moyo huo si haba. Mzaliwa wa Aliquippa, Pennsylvania, mwaka 1947, alifunzwa na baba yake Press, aliyekuwa kocha. Akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana alifunga pointi 3,667 kwa misimu mitatu tu, wastani wa 44.2 kwa mchezo, wakati ambapo mtupo wa pointi tatu haukuwapo. Mwaka 1977, akiichezea New Orleans Jazz, aliifunga New York Knicks pointi 68 katika usiku mmoja. Kilichomstaafisha mwaka 1980 kilikuwa goti, si moyo.

Hapo ndipo ugumu wa maradhi haya ulipo. Mtu aweza kukimbia miaka mingi bila dalili, na kipimo cha umeme wa moyo akiwa ametulia kikaonyesha salama. Maumivu ya kifua au kuzirai katikati ya mazoezi ni onyo lisilopaswa kupuuzwa. Kwa wengine, ole wao, dalili ya kwanza ni kifo. Siku hizi picha za CT huonyesha ateri inakotoka na inakopita. Baadhi ya wagonjwa hupasuliwa ili ateri ielekezwe upya, wengine huzuiwa michezo mizito na kufuatiliwa. Mwenye ateri moja huamuliwa kwa kutazama njia inayopita.

Maravich aliingizwa katika Jumba la Heshima la kikapu mwaka 1987, mwaka ambao saratani ilimchukua baba yake. Aliacha mjane na wana wawili wadogo.