Enoch Sontonga, Mwalimu na Daftari Lake la Nyimbo

Katika gwaride la asubuhi watoto wa shule zetu za msingi husimama wima wakaimba Wimbo wa Taifa. Wengi wetu tumeuimba tangu darasa la kwanza bila kujiuliza ni nani aliyeitunga sauti yake. Mtunzi huyo hakuwa mfalme wala mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa shule, mwenzetu katika kazi ya chaki.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini. Baada ya kusomea ualimu Lovedale, alipelekwa katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko alifundisha, akaongoza kwaya, na pia akafanya kazi ya kupiga picha. Mwaka 1897 alitunga, kwa Kixhosa, wimbo wa kuiombea Afrika baraka. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani, mchungaji mmoja alipowekewa mikono.

Sontonga aliandika nyimbo zake daftarini kwa mtindo wa tonika solfa, ulioanzishwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover na kuendelezwa na John Curwen katika karne ya 19. Mtindo huu hauhitaji kinanda. Do, re na mi huandikwa kwa herufi zake za mwanzo, na nukta mbili hutenganisha mapigo. Kwa hiyo mwalimu mwenye ubao na chaki tu aweza kuwafundisha watoto sauti zote nne.

Alikusudia kuzichapisha nyimbo hizo, lakini alifariki tarehe 18 Aprili 1905, angali kijana. Wanakwaya wakawa wanaziazima kwa mjane wake, Diana, na hatimaye daftari likapotea. Wimbo mmoja uliokwisha kuenea katika kwaya ulisalimika. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, chama kilichokuja kuitwa ANC kilipoundwa. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba. Tanganyika iliichukua sauti yake mwaka 1961, Zambia mwaka 1964, na Afrika Kusini yenyewe mwaka 1994. Kaburi la mtunzi, lililokuwa limesahauliwa, lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.

Maisha haya yatufunze nini? Tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, twaona mara nyingi mwalimu akianzisha wimbo bila kutoa sauti ya kuanzia. Watoto wa mbele huanza juu, wa nyuma huanza chini, na kabla ya kufika kiitikio wote wanapiga kelele. Kosa si la watoto. Mwalimu na atafute do kwanza, awape watoto waivumishe pamoja, kisha ndipo ainue mkono. Afundishe kila sauti peke yake, halafu aunganishe mbili mbili kabla ya kuziimba zote nne.

Tena, kila mmoja wetu awe na daftari la nyimbo zilizoandikwa kwa solfa, zikiwemo zile za wazee wa kijiji anachofundisha. Lakini asilifungie kabatini. Awape wenzake wanakili, na nakala nyingine ibaki shuleni. Daftari la Sontonga lilikuwa moja tu. Lilipopotea, nyimbo nyingi zilipotea nalo. Uliobaki ni ule uliokwisha kukaa vinywani mwa watu.